Kompyuta ya Papohapo

Jibu la Papohapo lilifika wakati watu wameshahamia kwenye habari za msiba, na balaa lote lilianzia hapo.

Ilikuwa mchana wa mapumziko, sebuleni, kitanda kimesogezwa dirishani ili mgonjwa aone wapita njia. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, yule fundi kompyuta ambaye mtaa mzima unamwita Waya kwa sababu ya kazi yake na wembamba wake, aliingia na utani kama kawaida: "Shemeji, hizo ndevu umezipanda lini? Nije na jembe?" Papohapo akaanza kujibu. Kujibu kwake ni kwa macho. Mwili wote umegoma, ulimi nao ukafuata, kwa hiyo hutazama herufi kwenye skrini, moja baada ya nyingine, kamera ndogo ikifuata mboni zake, na akimaliza kompyuta humsemea kwa sauti ya mtangazaji aliyelala vizuri. Sasa akiwa katikati ya sentensi yake, shangazi yake akaingia, anatoka kumzika rafiki wa ujana wake. Akaketi, akaanza kulia. "Hata kaburi sikulifikia, jamani, kwa ule msongamano. Nimerudi na ua langu mkononi, sijui hata nilipeleke wapi." Watu wakainamisha vichwa. Kompyuta ikasema, wazi na kwa bashasha: "Njoo nalo. Ndiyo kazi pekee unayoiweza."

Hilo "nalo" lilikuwa la jembe, likadakwa na ua. Lugha yetu haina huruma, imevivalisha jembe na ua sare moja. Walimweleza shangazi, walimweleza mara mbili mbili, naye akasema, "Nimeelewa, wanangu, nimeelewa," akaaga, akaacha chai yake kikombeni. Mtu aliyeelewa hunywa chai yake. Papohapo alimtazama mpaka mlango ukafungwa, kisha akafumba macho na hakuyafumbua tena hadi jioni.

Mjue kwanza mtu mwenyewe ni nani. Kabla ya ugonjwa alikuwa mshereheshaji, mtu wa kushika kipaza sauti kwenye harusi, na jina la Papohapo alipewa ukumbini. Bwana mmoja aliwahi kusimama katikati ya sherehe kulalamika kwamba sahani yake haijaona nyama. Kabla hajamaliza, Papohapo akamjibu: "Mzee, nyama ilikuona wewe kwanza, ikakimbia." Watu walivunjika mbavu, na mzee mwenyewe akacheka kuliko wote. Hivyo ndivyo alivyoishi. Aliamini kwamba mzaha ukichelewa hata kidogo unageuka kuwa taarifa, na taarifa aliwaachia watu wa redio.

Kisha ugonjwa ukaja, ule wa mishipa kufa mmoja mmoja, ukaanza na vidole. Daktari alikuwa mkweli. Aliwaeleza nini kitaondoka na kwa mfuatano gani, kisha, labda kwa kuwaonea imani, akaongeza: "Macho huwa ya mwisho." Mkewe aliyabeba maneno hayo hadi nyumbani kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani. Mikono ikaenda, miguu ikaenda, sauti ikaenda, naye akawa anawatangazia ndugu wote: macho hayaguswi, daktari kasema mwenyewe.

Mkewe huyu ni mshonaji, magauni ya harusi na sare za shule, na cherehani yake iko chumba cha pili, mlango wazi, ili asikie kitandani. Siku ile ya shangazi alimfuata mdogo wake nje, akamkuta amejishika kiuno, anatazama ukuta wa jirani.

"Dada, ile mashine ni nzito," Waya alisema.

"Nzito mno."

"Nzito wapi? Kuwaka? Kufungua programu? Au kumfuata macho?"

"Kote. Akitazama herufi, mpaka ije ikubali, umeshachoka hata wewe unayesubiri."

Swali la Waya lilikuwa la kifundi. Jibu lilikuwa la mke aliyechoka. Kwa kawaida Waya haamini maneno ya mteja. Hukaa mwenyewe mbele ya mashine, akaitazama inavyoumwa, ndipo anagusa bisibisi. Alitakiwa arudi ndani, avute kiti kando ya shemeji yake na aangalie. Hakuweza. Tangu Papohapo aanze kusema kwa macho, Waya alikuwa akirusha utani wake na kuondoka kabla jibu halijafika, akisingizia kuna mteja anamsubiri. Siku ile ndiyo ya kwanza kubaki, na tazama kilichotokea. Akamwomba dada yake amtumie tu picha ya lile dirisha dogo la kwenye skrini linaloonyesha prosesa, ubongo wa mashine, inabeba kazi kiasi gani. Picha ikaja: mstari umekwama juu kabisa, haushuki. Ilikuwa mashine iliyotupwa na ofisi fulani, yenye diski ya kuzunguka inayokoroma, na kweli ilikuwa imeelemewa. Hakuna aliyedanganywa hapo.

"Nitamuundia mpya," Waya alisema kwenye simu. "Ya kumfaa yeye. Na sikanyagi hapo mpaka iwe tayari, nakuapia."

Mshonaji alimweleza mumewe habari hiyo huku akimfuta mate kidevuni. Papohapo akaanza kutazama herufi, akazitazama kwa muda ambao maji ya chai yangeweza kuchemka na kupoa. UZA SPIKA, kompyuta ikasema. Spika zake zilikuwa pembeni chini ya shuka, pamoja na mixa na kile kipaza sauti chenye utepe mwekundu. Mkewe akasema hapana, hizo hapana. Papohapo akaanza tena kutazama, na mkewe hakuvumilia kusubiri, akasema basi, nimesikia, nitauza. Aliyezinunua alikuja na mkokoteni. Alipozijaribu pale uani muziki ukapiga, na mshonaji aliingia jikoni, akafungulia bomba asisikike analia.

Ndipo kazi ya kuchagua ikaanza, na isingekuwa aibu ningesema zile ndizo siku mshonaji alizokuwa na raha. Karakana ya Waya ni chumba chembamba kati ya kinyozi na muuza vioo, rafu zimejaa maiti za kompyuta, hewa inanuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Mshonaji alikuwa anafika baada ya kumlisha mumewe, jirani akibaki naye, anakaa kwenye stuli na kuuliza maswali.

"Prosesa kwanza," Waya alisema, akageuza skrini. "Kuna hii yenye viini vingi, na hii yenye viini vichache lakini kila kimoja ni moto."

"Ipi itamfanya aseme haraka?"

"Inategemea programu inavyotafuna."

"Basi nenda kaiangalie inavyotafuna, usinikisie."

Akaenda akaiangalia. Ikaonekana programu ya macho hushughulikia picha moja, ikaimaliza, ndiyo inashika nyingine. Viini vingi vingekaa vikipiga soga. Wakachukua vichache vyenye kasi. Kwenye ram, Waya alimwambia hiyo ni kama meza yake ya kukatia: ikiwa ndogo unakunja na kukunjua kitambaa, ikiwa ndefu unatandaza chote. "Nipe ndefu," dada akasema. "Ukizidisha unalipia meza tupu," akasema Waya, wakakubaliana vipande viwili pacha, kwa sababu pacha husoma pamoja. Diski wakachagua isiyozunguka. Kwenye bodi, ule ubao unaobeba vyote, walikwama, maana ile nzuri soketi yake haikubali prosesa waliyokwisha kuichagua, na mshonaji, ambaye hajawahi kuweka kifungo kisicholingana na tundu lake, aligoma kusikia habari za kubadilisha prosesa. Wakatafuta bodi nyingine. Kisha wakagombana juu ya kadi ya picha.

"Toleo jipya la programu linaweza kusoma macho kwa kutumia kadi," Waya alisema. "Lakini kadi nzuri inakula umeme, itabidi pawa saplai kubwa, kasha kubwa, feni zaidi."

"Inasaidia au haisaidii?"

"Inasaidia kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani?"

Waya akajikuna kichwa. "Kama kukonyeza jicho."

"Weka," akasema dada. "Mume wangu alikuwa anakula kwa hicho kidogo."

Kila uamuzi aliurudisha nyumbani, akausoma kwa sauti kando ya kitanda, kwa sababu ni sauti ya mumewe inayoundwa, si yake. Papohapo alikuwa akijibu ndiyo kwa kutazama juu, na hiyo ilikwenda upesi. Kwenye kasha alimsomea kama kichekesho kwamba zipo feni zenye taa za rangi, upuuzi wa vijana wa michezo, yeye ameshamwambia Waya hapana. Papohapo akageukia herufi. Alihangaika nazo mpaka mkewe akaipiga kompyuta kofi la ubavuni kama punda mkaidi. Katikati ya neno macho yalijifumba, yakafumbuka, yakajifumba tena. "Pumzika mume wangu," alimwambia, "hii mashine inakuchosha." Hakupumzika. Mwishowe ikasema: WEKA TAA. HARUSI. Mkewe alicheka akamwangukia kifuani, akampigia simu Waya hapo hapo kumwambia taa zote, na ziwe za kumeta.

Vifaa vilipowasili Waya alifunga karakana, akanawa mikono, akaviunganisha mbele ya dada yake. Aliiweka prosesa kwenye kitako chake taratibu, akapaka ule uji wa kupooza joto, akabana ram mpaka zikalia ka, akapanga nyaya mpaka zikapendeza kwa mtu ambaye hatafungua kasha kamwe. Mashine ikawaka na kutulia kabla mshonaji hajavuta kiti, feni zikizunguka bluu na zambarau kama ukumbi uliokodiwa. Waya akafunga kamera juu ya skrini, akakaa, akaegemeza kidevu asitikise kichwa, akatazama herufi. "Dada kaa chini," ikasema mashine. Alikuwa hajapepesa. Mshonaji akapiga kelele hadi kinyozi akaja kuchungulia. Akakaa na yeye, akaandika kwa macho yake, "Funga mdomo wewe kinyozi," na watu watatu wakacheka mpaka wakashika kuta. Waya alimwonyesha lile dirisha dogo: mstari wa prosesa uko chini, unatikisika kidogo tu, nguvu imebaki tele. Dada mtu alimbusu mdogo wake kwenye paji la uso, jambo ambalo hajalifanya tangu wakiwa watoto.

Hebu nimseme kidogo, ingawa nampenda. Mshonaji hampimii bibi harusi gauni kwa mwili wa mwingine. Hata akija dada yake pacha, humwambia, mlete mwenyewe. Miaka yote amewafukuza watu mlangoni kwa kosa hilo. Siku ile alipima sauti ya mumewe kwa macho yake mwenyewe na ya mdogo wake, macho mazima yanayosoma hata maandishi ya nyuma ya chupa ya dawa, akaondoka anaimba.

Waliifunga nyumbani asubuhi. Shangazi aliitwa, akaja, kwa sababu shangazi hawezi kukataa kuitwa mara mbili. Chai ikamiminwa. Papohapo alinyolewa, akavalishwa shati lake la kazi, lile la hariri lililokuwa likimbana tumboni na sasa linamwogelea. Taa za feni zikameta ukutani juu ya kitanda chake. Waya, aliyekuwa ameapa kutokanyaga, alisimama miguuni pa kitanda akiwa amevaa viatu vya kutokea, na ilionekana wazi kwamba utani wake ameufanyia mazoezi.

"Shemeji, hii nimekuundia kwa mikono hii miwili. Ikilipuka, mimi na wewe hatujuani."

Wote wakageukia skrini. Moyo wa mshonaji ukamdunda kwa furaha iliyokuwa karibu kumwumiza, kwa sababu aliona midomo ya mumewe imevutika upande, na aliijua ile, jibu lilikuwa limeshapatikana, liko nyuma ya meno.

Kwenye programu ile kuna kiduara kidogo cha kijani kinachoonyesha jicho liko wapi. Kwenye mashine ya zamani kiduara kilikuwa kinaganda, kinaruka, kinaganda, huwezi kujua nani anamchelewesha nani. Kwenye mpya kilikuwa laini kama maji. Kilionyesha jicho lenyewe. Na wote waliokuwa pale waliona kiduara kikiondoka katikati ya skrini kuelekea herufi fulani upande wa kulia, kikatambaa, kikapunguza mwendo, kikasimama kabla ya kufika. Kikateremka chini polepole. Kikapanda tena. Kikateremka.

"Labda haijamzoea," alisema Waya. Akachukua kipanya, akarekebisha kimo cha kamera, akapanua herufi zikawa kubwa kama sahani. Kiduara kikaondoka tena, na safari hii kikaishia katikati ya njia, kikatetemeka pale. Waya akafungua dirisha dogo. Mstari wa prosesa ulikuwa umelala chini kabisa. Kadi ya picha haikuwa inafanya lolote. Ram ilikuwa tupu. Mshonaji alikwisha kufundishwa kulisoma dirisha hilo, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa. Mashine yote ile, kila kipande walichokigombania, ilikuwa imekaa bure ikimsubiri mumewe.

Ndipo maneno ya daktari yakamrudia, na kwa mara ya kwanza akayasikia yalivyosemwa. Ya mwisho. Daktari hakusema yanabaki. Alisema yako kwenye foleni, nyuma ya mikono na miguu na sauti, na foleni imekwisha. Ile takataka ya ofisi, kwa kukoroma na kuganda kwake, ilikuwa imemsitiri mumewe asionekane anavyokwisha, na yeye kwa mikono yake ameuza spika za mumewe ili amvue sitara hiyo mbele ya shangazi.

Akamtazama Waya, na Waya alikuwa anamtazama yeye. Uso ulikuwa umemshuka. Mdogo wake naye ameusoma ule mstari.

"Mbona haisemi?" akauliza shangazi, kikombe mkononi. Aliuliza kwa upole, hakuwa na kinyongo tena.

Macho ya Papohapo yalikuwa kwenye skrini, mekundu, yanachuruzika maji kwa kukazwa. Midomo ilikuwa imesharudi mahali pake. Jibu alilokuwa nalo lilikuwa limepoa.

"Hii mashine mpya nayo inasumbua," alisema mshonaji. Sauti yake ilitoka sawa, yeye mwenyewe alishangaa. "Tena afadhali ya zamani. Waya, umetuletea kitu gani hiki?"

Waya alifungua mdomo. Kwa maisha yake yote hajawahi kuunda kitu kizuri kama kile, na kinyozi ni shahidi.

"Kweli, dada. Nimekosea. Itakuwa bodi. Niliuziwa bodi mbovu, nikajifanya mjuaji." Akamgeukia shangazi, akainua mikono. "Nisameheni jamani, mimi ndiye wa kulaumiwa. Mafundi wa siku hizi ni majina tu."

"Vijana mnapenda haraka," alisema shangazi, akanywa chai yake.

"Naifungua sasa hivi. Usijali, shemeji, kosa si lako hata kidogo, ni hili dude." Akatoa bisibisi mfukoni, akapiga magoti, akajipenyeza nyuma ya meza. Alikuwa anaongea kwa nguvu, bila kituo, kama watu wanavyoongea wanapoogopa kimya: habari za bodi, habari za wauzaji wezi, habari za soketi. Kutoka pale chini asingeweza kuiona skrini.

Mshonaji aliiona. Kiduara kilikuwa kimeondoka tena, na sasa hakikuwa kinakimbilia mzaha wowote. Kilikuwa kinakwenda kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, anapumzika, anapanda. A ikaingia. Baada ya muda mrefu, C. Waya akafungua skrubu moja, akaiweka sakafuni, akaendelea kuwatukana wauzaji. H. E. Shangazi akaomba sukari, akapewa. N. I. Jasho lilikuwa likimtiririka Papohapo kwenye mapanja yaliyonyolewa asubuhi ile, na mkewe alisimama na bakuli la sukari mkononi asiweze kuliweka chini. Nafasi. N. I. Nafasi tena. Kiduara kikaenda upande wa pili wa skrini, kikakosa, kikarudi, kikakosa, kikafika. M.

"Nachomoa umeme kwanza, dada, isije ikanirusha," alisema Waya kutoka nyuma ya meza.

Mshonaji alikuwa na nafasi ya kusema subiri. Neno moja tu, na mdomo wake bado unafanya kazi. Alijua kilichobaki ni herufi tatu, na alizijua ni zipi. Kama hazikuandikwa, basi hakuna mtu aliyesema jambo lolote ndani ya nyumba ile, na kesho angeweza kuamka, kumfuta uso, na kumlaumu fundi.

Skrini ikazimika, na taa za rangi zikazimika ukutani. Papohapo aliendelea kutazama pale pale herufi zilipokuwa.

"Chukua muda wako," mshonaji alimwambia mdogo wake. "Haina haraka."